Bildi, Pima na Mwangwi: Historia Fupi ya Kupima Kina cha Maji

Katika lugha ya mabaharia wa Waswahili, bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ndefu ili kupimia kina cha maji. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Kipimo chenyewe huitwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, takribani futi 6. Wagiriki wa kale waliita kipimo cha namna hiyo orguia, Waingereza fathom na Wafaransa brasse; maneno yote hayo chimbuko lake ni mikono ya mwanadamu. Baharia alipoivuta kamba kutoka majini, aliihesabu kwa mwili wake mwenyewe.

Bildi ilijibu maswali mawili kwa pamoja. Chini yake palikuwa na shimo dogo lililojazwa shahamu, nayo ilinasa mchanga, matope au vipande vya kombe. Herodotus, katika karne ya 5 K.K., aliandika kwamba anayeikaribia Misri, akiwa bado umbali wa siku moja kutoka nchi kavu, hupandisha matope kutoka pima 11. Matope hayo ya Nili yalimjulisha nahodha mahali alipo, hata kabla hajaiona pwani.

Safari ya kutoka kamba hadi sauti ilianza mwaka 1826, Colladon na Sturm walipopima kasi ya sauti katika maji ya ziwa la Geneva. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, Alexander Behm wa Ujerumani alitafuta njia ya kutambua siwa barafu kwa mwangwi, akaishia kupata hataza ya kupimia kina mwaka 1913. Mwaka 1917 Paul Langevin alitumia fuwele za kwazi kutoa sauti isiyosikika kwa sikio. Kanuni ni nyepesi: sauti husafiri baharini takribani mita 1,500 kwa sekunde, mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.02, sauti imekwenda mita 30, na kina ni nusu yake, yaani mita 15.

Chombo hicho, kilichokuwa cha meli kubwa, kiliingia pia katika mashua ndogo za tanga zilipoanza kuundwa kwa faibaglasi. Bodi ya mbao hufifisha sauti, lakini faibaglasi iliyo tupu huipitisha. Kwa hiyo kihisio chaweza kugandishwa kwa epoksi ndani ya mashua bila kutoboa tundu, mbele ya mkuku, mahali pasipofunikwa na kivuli chake. Sharti kuu ni kwamba pasibaki hata kiputo cha hewa kati yake na bodi, kwa sababu hewa huirudisha sauti kabla haijafika majini. Kwa sababu iyo hiyo, bodi yenye povu au mbao ya balsa katikati haifai, isipokuwa sehemu hiyo iondolewe na pengo lijazwe.

Hapa ndipo fundi na mwanaistilahi wanapokutana. Tuseme mkuku umeshuka mita 1.5 chini ya uso wa maji, na kihisio kipo mita 0.4 chini ya uso huo. Kioo kikionyesha mita 2, kina cha maji ni mita 2.4, ilhali maji yaliyobaki chini ya mkuku ni mita 0.9 tu. Chombo huweza kurekebishwa kionyeshe kimojawapo kati ya vipimo hivyo vitatu. Nahodha asiyejua ni kipi kilichochaguliwa aweza kupwelewa huku akiisoma tarakimu iliyo sahihi kabisa.

Kwa hiyo istilahi moja, "kina", haitoshi katika mwongozo wa Kiswahili wa chombo hiki. Yafaa kutofautisha kina cha maji, kina chini ya kihisio na kina chini ya mkuku. Aliyetupa bildi hakuhitaji tofauti hiyo, kwani kamba yake ilianza kuhesabiwa kwenye uso wa maji, mbele ya macho yake. Mwangwi umeuficha mwanzo huo ndani ya bodi. Kazi ya lugha ni kuutaja.