Mavazi yafaayo mahojiano ya chuo cha udaktari

Mwanafunzi anayefuzu mtihani wa kidato cha nne hapa nchini na kuitwa kusomea udaktari kupitia KUCCPS, asasi iliyochukua nafasi ya bodi ya JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, haulizwi na mtu amevaa nini. Alama zake humsemea. Mambo ni tofauti kwa kijana anayetuma maombi Uingereza, Marekani au Kanada. Huko alama humfikisha mlangoni tu, kisha huitwa mbele ya madaktari na wahadhiri wamtazame na kumsikiliza. Hapo ndipo swali la suti huzuka nyumbani, na si ajabu jamaa kuchanga pesa za suti mpya ilhali ada ya viza haijapatikana.

Pesa hizo na zisubiri. Mhoji hatafuti mtanashati. Anachojiuliza ni iwapo angemwacha kijana huyu aketi kando ya kitanda cha mgonjwa wake, na takriban kanuni zote za mavazi ya siku hiyo chimbuko lake ni wodini.

Mwanamume atosheke na suti ya kijivu au bluu iliyokolea, shati jeupe na tai isiyo na makeke. Mwanamke avae suti ya suruali au ya sketi inayofunika magoti hata aketipo, au gauni la heshima lenye koti juu yake. Mwenye hijabu aivae bila wasiwasi, iwe ya rangi moja na ncha zake zichomekwe ndani. Misuko haina kosa mradi ifungwe nyuma, isimwangukie usoni kila anapoinama. Manukato yaachwe kabisa, kwani wapo wagonjwa ambao harufu kali huwabana kifua.

Koti lililochaguliwa kwa makini Gikomba au Toi, kisha likapitia kwa fundi wa cherehani, hulishinda jipya lisilomkaa mvaaji. Tazama mabega kwanza, maana kuyarekebisha ni kazi kubwa na ghali. Kiuno, pindo na urefu wa mikono ni mambo madogo kwa fundi. Mpwa wangu aliwahi kuazima koti la babake, akawa muda wote anaipandisha mikono yake iliyomfika vidoleni. Alikiri baadaye kwamba swali la pili hakulisikia hata kidogo.

Viatu vinahitaji fikira zaidi ya suti. Mapema katika miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilibuni mahojiano ya vituo vingi, mtindo ambao umeenea katika vyuo vingi vya udaktari. Mwombaji husimama mlangoni, akasoma swali, akaingia kwa dakika chache, na kengele ikilia akahamia chumba kinachofuata. Atakayekwenda kwa visigino virefu, au kwa viatu vilivyonunuliwa jana yake, ataumia kabla ya kufika kituo cha tano. Viatu viwe vya kufunika vidole, viwe vimepigwa rangi, na viwe vimezoewa.

Anayezuru chuo siku ya wageni hahitaji suti. Suruali safi ya jinzi isiyochanika na shati vinatosha. Lakini ziara ikigusa hospitali ya mafunzo au maabara, ndara na kandambili zibaki nyumbani. Kwa England kuna la ziada. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2007 uliwataka wanaohudumia wagonjwa waache mikono wazi kuanzia kiwiko kwenda chini, bila saa wala mikono mirefu ya nguo, ili kupunguza maambukizi. Hata koti jeupe la daktari liliondoka wodini. Kwa hivyo vaa shati linalokunjika kwa urahisi, ukate kucha, na uzifute rangi. Mahojiano mengi ya huko huangukia majira ya baridi, basi nenda na koti zito, ulitundike kabla ya kuingia chumbani.

Tangu janga la korona mwaka 2020, vyuo vingi, hasa vya Marekani, vimehoji waombaji kupitia mtandao. Usivae nusu mwili, kwani huenda ukalazimika kuinuka. Shati jeupe tupu humeremeta mbele ya kamera, basi litanguliziwe koti. Tena kumbuka saa: saa tatu asubuhi ya New York wakati wa baridi ni saa kumi na moja jioni Nairobi, na giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Taa iwekwe nyuma ya kompyuta, ikuangaze usoni, na uijaribu jioni ya siku iliyotangulia ukiwa umevaa nguo zizo hizo.