Somo la Historia: Mashine ya Kupimia Gari Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Hupotosha

Leo tutazungumza habari za chombo kidogo kilichoingia katika gereji zetu, tangu Sirari na Tarime mjini hadi Nyamongo na Mugumu. Chombo hicho huchomekwa kwenye gari, nacho huandika namba na maneno juu ya kioo chake. Wengine hukiita skana, wengine husema mashine ya kupimia. Mwenye lori akiiona namba, huamini kwamba ugonjwa umejulikana. Hutoa fedha, hununua kifaa kipya, na kesho yake lori lasimama tena palepale. Mahindi hayakufika sokoni, na fedha za ng'ombe aliyeuzwa zimepotea bure. Basi yafaa tujue chombo hiki kilizaliwa wapi, maana asili yake ndiyo inayotueleza mipaka yake.

Tuanze na lori lisilo na kompyuta. Mwaka 1897 Mjerumani Rudolf Diesel alionyesha injini yake ikifanya kazi mjini Augsburg. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma dizeli kwenye nozeli. Kwa miaka mingi baada ya hapo injini ya lori ilikuwa chuma, mafuta na hewa tu. Fundi aliipima kwa macho na masikio. Moshi mweusi ulimwambia kwamba mafuta ni mengi au hewa ni kidogo; moshi wa buluu, kwamba oili inaungua. Aliweka bisibisi sikioni, akasikiliza kila silinda.

Sasa tuvuke bahari twende Los Angeles, katika jimbo la California, Marekani. Katika miaka ya 1940 mji huo ulifunikwa na ukungu mchafu uliowasha macho ya watu. Mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua, ndio unaozaa ukungu ule. Mwaka 1967 jimbo liliunda bodi ya kusimamia usafi wa hewa, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Baadaye bodi hiyo iliagiza kwamba magari mapya, kuanzia yale ya mwaka 1988, yajichunguze yenyewe na kuwasha taa yakiona hitilafu katika vifaa vinavyohusika na moshi. Mwaka 1996 magari yote mapya madogo yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na tundu la namna moja, lenye pini 16, na namba za hitilafu za namna moja.

Umeona, ndugu msikilizaji? Lugha hii ya namba ilitungwa ili kulinda hewa ya miji, na ilitungwa kwa ajili ya magari madogo. Malori mazito ya Marekani yalianza kuingizwa katika sheria ya namna hiyo mwaka 2010 tu. Lori la Japani lililotengenezwa miaka mingi kabla ya hapo halikuwa na sababu ya kuijua lugha hiyo.

Huko Japani, mwaka 1995 kampuni ya Denso ilitoa mfumo wa kusukuma dizeli kwa shinikizo kubwa unaoongozwa na kompyuta, ukafungwa katika lori la Hino Ranger. Lakini kila kiwanda kilikuwa na desturi yake. Katika magari mengi ya zamani fundi alihesabu taa ikipepesa, kisha akatafuta maana katika kitabu cha kiwanda. Tena malori mengi hutumia umeme wa volti 24, ambapo magari madogo hutumia volti 12. Skana ya bei nafuu iliyofanyiwa gari dogo yaweza kukaa kimya ikichomekwa kwenye lori kama hilo, kutoa maana isiyo yake, au hata kuungua.

Hata pale lugha inapoeleweka, ushahidi waweza kueleweka vibaya. Chukua namba P0118. Maelezo yake ya Kiingereza husema kwamba kitu fulani katika sensa ya joto la maji kiko juu. Fundi asiyejua atadhani injini imechemka, afungue rejeta na kubadilisha vifaa. Kumbe kilicho juu ni volti. Kompyuta hupeleka volti 5 kwenye sensa, na maji yakipata joto, volti hushuka. Waya ukikatika volti haishuki kabisa, na kompyuta hudhani maji ni baridi kupita kiasi. Ndipo skana huandika nyuzi 40 chini ya sifuri. Je, asubuhi gani hapa Tarime, hata ile ya baridi kali, maji yaligandishwa namna hiyo? Hesabu kama hiyo ni kilio cha waya.

Mfano wa pili ni shinikizo la hewa. Vitabu vingi hutaja kilopaskali 101, ambalo ni shinikizo la pwani. Mji wa Tarime uko yapata mita 1,500 juu ya bahari, na huku shinikizo ni kama kilopaskali 85. Injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, sensa ikionyesha 85 inasema kweli. Anayeibadilisha anatupa kifaa kizima.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Kwanza, uliza kama lori lina kompyuta, na ya aina gani. Pili, pima betri, kisha kagua waya wa ethi na plagi zilizoota kutu. Tatu, asubuhi kabla ya kuwasha injini, linganisha joto la maji na joto la hewa kwenye skana, yakaribiane. Nne, kwa sensa ya joto yenye waya mbili, chomoa plagi na uunganishe waya hizo mbili. Kipimo kikiruka kutoka baridi kali hadi joto kali, waya ni nzima na sensa ndiyo mbovu. Kisiporuka, usinunue sensa. Tafuta kwenye waya. Kifaa kipya kinunuliwe mwisho.

Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima hapandi kwa kuona wingu moja.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini sheria iliyozaa lugha ya namba ilianzia katika jimbo la California?
2. Skana ikiandika nyuzi 40 chini ya sifuri, utaanza kutazama wapi?
3. Ni maarifa gani ya mafundi wa zamani ambayo bado yatufaa?