Sheria Iliyozaliwa na Nywila 1234

Kitambulisho kilikuwa tarakimu ya mbili iliyorudiwa mfululizo, na nywila yake 1234. Vilikuwa vya mhandisi mmoja. Kwa kuvitumia, Waingereza wawili waliopenda kuchokonoa kompyuta, Robert Schifreen na Stephen Gold, waliingia mwaka 1984 ndani ya Prestel, huduma ya British Telecom iliyowafikishia wateja habari na ujumbe kwenye skrini kwa njia ya simu. Humo walifika hadi kwenye sanduku la ujumbe la Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth.

Walipokamatwa, waendesha mashtaka walikwama. Uingereza haikuwa na sheria iliyosema kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mwenzako bila ruhusa ni kosa. Ikabidi waangukie Sheria ya Kughushi ya mwaka 1981, wakidai kwamba anayebonyeza nywila ya mtu mwingine ametengeneza hati ya uongo. Mwaka 1986 hoja hiyo ilikubaliwa mahakamani London. Schifreen alitozwa faini ya pauni 750, Gold pauni 600.

Wakakata rufaa, na majaji wa rufaa wakaitafuta hiyo hati wasiione. Nywila ilikaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa kitambo kidogo mno: mfumo uliipokea, ukaihakiki, ukaifuta. Kitu kipitacho hivyo, walisema, hakijarekodiwa wala kuhifadhiwa kwa maana iliyokusudiwa na sheria. Wawili hao wakaachiwa huru. Mwaka 1988 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho, liliunga mkono uamuzi huo: kama tendo hilo linafaa kuwa jinai, basi Bunge ndilo liseme.

Uamuzi huo naupenda. Ilikuwa rahisi kuinyoosha sheria ya kughushi hadi iwanase watu wawili walioiaibisha kampuni kubwa, lakini majaji walikataa.

Bunge lilisema tarehe 29 Juni 1990, kupitia muswada binafsi wa mbunge Michael Colvin. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ilikuja na makosa matatu tu: kuingia bila idhini, kuingia kwa nia ya kutenda kosa jingine, na kubadili data bila idhini. Muda si mrefu ikajaribiwa. Mtu mmoja alirudi kwenye duka alilowahi kufanyia kazi na, mhudumu alipogeuka, akajibonyezea punguzo la asilimia 70. Jaji wa kwanza alimwachia kwa kuwa kompyuta iliyotumika ilikuwa moja, si mbili. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ilisema jaji alikosea. Kompyuta moja yatosha.

Jina la sheria hiyo lilivuka bahari. Uganda ilitunga yake mwaka 2011, Kenya mwaka 2018, na katikati yao Tanzania ikapitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Zote zinakataza kuingia bila idhini, na ni haki zifanye hivyo: taarifa zetu za benki na za hospitali sasa zimo ndani ya mashine. Ila huku kwetu sheria hizi zilibeba pia mzigo wa kauli. Tanzania ilipopitisha yake, kuingia kinyume cha sheria kuliwekewa kifungo kisichopungua mwaka 1, na kusambaza taarifa za uongo kifungo kisichopungua miaka 3, au faini. Nchini Kenya, sheria ya 2018 ilipotungwa, anayeingia bila idhini aliwekewa kifungo cha hadi miaka 3, na anayechapisha uongo wa kuzua taharuki hadi miaka 10.

Mpangilio huu unanisumbua sana. Mtu anayepekua faili la mgonjwa usiku anajua fika anachokifanya. Mtu anayesambaza ujumbe kwenye kundi la WhatsApp mara nyingi anaamini anawaonya ndugu zake. Sheria inayomwogopa huyu wa pili kuliko wa kwanza imeiacha kazi iliyozaliwa kuifanya.

Uganda ndiko mvutano huu ulikofika mbali zaidi. Kifungu cha 25 cha sheria yake, kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023. Lakini miezi michache kabla, mwaka 2022, Bunge lilikuwa limeshaifanyia sheria hiyohiyo marekebisho, na kuiongezea makosa mapya ya kauli.