Jiwe la Kijani la Antigua

Katika nchi ya Guatemala, chini ya mlima wa moto uitwao Agua, uko mji wa Antigua, uliokuwa makao makuu ya serikali hata ulipobomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 1773. Aendaye huko leo kununua mawe ya kuchongwa huonyeshwa kwanza jiwe la kijani liitwalo jedi.

Wamaya wa kale walilithamini kuliko dhahabu. Chuma hawakuwa nacho. Walilikata kwa uzi, maji na mchanga mkali, kazi ya siku nyingi. Mfalme Pakal wa Palenque alipofariki mwaka 683, alizikwa na kinyago cha vipande vya jiwe hilo usoni. Wahispania walioingia mwaka 1524 walitafuta dhahabu, na machimbo ya bonde la mto Motagua yakasahauliwa, hata wataalamu wengine wakadhani jiwe lile lilitoka Uchina! Ni katika miaka ya 1950 tu habari za machimbo hayo zilipoandikwa tena.

Basi mnunuzi na awe macho, kwani wako wauzao jiwe laini la kijani kwa jina lile lile. Jedi ni zito, tena baridi mkononi, na ncha ya kisu hailikwaruzi. Jiwe la Tabaka, kwetu Kisii, hukwaruzwa hata kwa ukucha, wala wachongaji wake hawalifichi jambo hilo. Mwombe mwuzaji ajaribu kisu upande wa chini. Akikataa, lirudishe jiwe mezani.