Ubongo Huitikiana, Hauunganishwi

Wanaoandika kwa Kiswahili kuhusu ugonjwa wa Huntington, wakifika kwenye picha za MRI, hukimbilia neno moja: muunganisho. Muunganisho wa ubongo umepungua, wanasema, muunganisho umekatika. Wenye kamati zao wakaongeza kivumishi, wakapata "muunganisho amilifu", wakaona kazi imekwisha. Haijaisha. Neno hilo linapotosha, tena katika ugonjwa usiostahimili lugha ya kubahatisha.

George Huntington aliueleza mwaka 1872. Jeni yake ikapatikana mwaka 1993, katika kromosomu ya 4. Herufi CAG zikijirudia humo mara 40 au zaidi, mtu ataugua akijaliwa umri wa kawaida, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi. Striatamu, iliyo ndani kabisa ya ubongo, husinyaa miaka mingi kabla mikono haijaanza kurukaruka yenyewe, na nyuzi za mada nyeupe zinazoifikisha kwenye gamba la ubongo hudhoofika. Nyuzi hizo ndizo muunganiko. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye kipimo cha pili. MRI ya utendaji haioni nyuzi. Hufuatilia oksijeni katika damu, na mtafiti hutazama kama ishara ya sehemu moja hupanda na kushuka sambamba na ya sehemu nyingine. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake huko Wisconsin walionyesha kwamba maeneo ya mwendo ya kushoto na kulia hufanya hivyo hata mtu akiwa amelala kimya ndani ya mashine, hachezeshi kidole. Mwaka 2011 watafiti wa Caltech wakawapima watu waliozaliwa bila daraja kuu la nyuzi linalounga nusu mbili za ubongo. Ishara za pande zote mbili zilikuwa bado zinakwenda pamoja. Daraja halipo, na eti "muunganisho" upo!

Ndivyo ilivyo kwa wabebaji wa jeni ya Huntington. Baadhi ya tafiti zimekuta ishara zao zikipungua kufuatana katika mitandao fulani na kuzidi katika mingine, huku nyuzi zikiendelea kudhoofika. Msomaji akiambiwa muunganisho umeongezeka ataamini nyuzi mpya zimeota.

Neno linalofaa ni mwitikiano. Mzizi wake ni -ita. Anayeitwa huitika; anayemjibu mwenzake humwitikia; wawili wakijibizana huitikiana. Humo ndimo tulimopata kiitikio cha wimbo, waitikiaji wa ngoma, mwitikio wa wananchi kwenye chanjo. Umbo nalo tunalo tangu zamani: lingana likazaa mlingano, vutana likazaa mvutano, ingiliana likazaa mwingiliano. Mwitikiano unaingia katika safu hiyo bila kulazimishwa, na wingi wake, miitikiano, unatamkika. Mghani na waitikiaji wake hawakufungwa kamba, lakini sauti zao zinafuatana. Hicho hasa ndicho mashine inachokipima. Muunganisho umebeba kiambishi -ish- cha kusababisha, kwa hiyo sharti awepo muunganishaji, awe fundi wa umeme au kampuni ya simu. Nani aliiunganisha striatamu? Waliopendekeza "upatanisho" hawakuwa mbali, ila wanasarufi wamekwisha kulishika neno hilo na hawataliachia.

Mwandishi wa makala haya alipolipeleka neno lake mbele ya kamati moja, alijibiwa kwamba linanukia ngoma. Linanukia, naam. Fizikia ya Kiswahili ina kani na wimbi, maneno ya watu wa kawaida, na hakuna mwanafunzi aliyepotea kwa sababu hiyo. Kinachompoteza mwanafunzi ni neno la ofisini lisilomwonyesha kitu.

Matumizi ni mepesi: "mwitikiano kati ya striatamu na gamba la ubongo umepungua", na muunganiko ubaki kwa nyuzi. Wahariri wa vitabu vya tiba wayatenganishe maneno haya mawili katika matoleo yajayo, wasingoje kikao kingine.