Fongola: albamu ya KOKOKO! iliyopigwa na mikebe na vyuma

Fongola ni albamu ya kwanza ya kikundi KOKOKO! cha Kinshasa. Ilitoka Julai 2019 kwa lebo Transgressive ya London. Kwa Kilingala jina hilo ni ufunguo, na musikilizaji wa Baraka ao Fizi hahitaji mutafsiri: neno liko karibu kabisa na letu. KOKOKO! nayo ni mlio wa kugonga mulango. Hapa kwetu wangejiita "Hodi!"

Mutu mwenye kuzoea Kinshasa ya Koffi Olomide na Fally Ipupa atashangaa. Sebene haiko, wala ile orodha ya majina ya wakubwa wanaotajwa ndani ya wimbo. Kuna besi nzito inayotembea yenyewe, milio ya vyuma, na sauti ya Makara Bianko anayeita kama mutu yuko katikati ya soko. Wenzake Boms Bomolo, Dido Oweke na Love Lokombe walitengeneza vyombo vyao wenyewe: gita la uzi moja, mikebe, chupa za plastiki, vipande vya mashine za magari. Mutu wa tano ni Xavier Thomas, Mufaransa anayejulikana kama Débruit, mwenye mashine za elektroniki. Alifika Kinshasa 2016. Studio waliijenga palepale Kinshasa, kwa meza za ping-pong na magodoro ya kuzuia kelele.

Waandishi wa Ulaya waliposikia kazi hii walitaja posti-panki na dabu. Haya majina yana historia yake.

Dabu ilizaliwa Kingston, Jamaika, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mutu anayetajwa zaidi ni King Tubby, na huyu njo alikuwa fundi wa radio na amplifaya kabla ya kuwa kitu kingine. Alichukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akabakiza besi na ngoma, halafu akarudisha kipande kidogo cha sauti kikipotea katika mwangwi. Mashine ya kuchanganya sauti ikawa chombo cha kupiga, sawa na gita. Posti-panki ilifuata Uingereza mwishoni mwa miaka hiyo, vijana walipochoka hata na panki yenyewe. Wengi wao walisikia dabu kwa majirani wao Wajamaika mu London. Albamu ya kwanza ya wasichana wa The Slits, Cut ya 1979, ilisimamiwa na Dennis Bovell, muzaliwa wa Barbados na bwana wa dabu.

Lakini kusema KOKOKO! waliiga Uingereza ni kuruka mambo ya nyumbani. Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa Konono No. 1, alikuwa dereva wa malori. Maikrofoni zao zilitengenezwa na sumaku za magari ya zamani, na ule mukwaruzo wa sauti ukawa ladha yao. Roger Landu wa Staff Benda Bilili alipiga uzi moja uliofungwa kwenye mukebe. Ni njia moja na ya fundi wa Kingston: chombo kizuri ni bei kali, basi unafungua kilichoharibika na kuangalia kinaweza kutoa sauti gani. Mutu asiseme kwamba ni muziki wa umaskini. Mwenye kuufanyia kazi mukebe mupaka utoe noti anayoitaka, huyo ni fundi kama mutengeneza gita.

Maneno nayo yana uzito. Kikundi kilianza wakati uchaguzi wa 2016 uliahirishwa, mupaka ukafanyika Desemba 2018, na kusema waziwazi kulikuwa na hatari. Wimbo Tokoliana maana yake ni "tunakulana". Nani anamukula nani, musikilizaji anamaliza mwenyewe. Zala Mayele inaonya: uwe na akili. Kwa raia wa Fizi, waliozoea kupima neno mbele ya mwenye bunduki, mbinu hii si ngeni.

Ubaya uko upande mwingine. Albamu ya Kinshasa imetoka London, inauzwa na kusikilizwa zaidi kwa intaneti, na hapa vijana wanabadilishana nyimbo kwa kadi memori, nyingi zikiwa bongo flava iliyovuka ziwa kutoka Kigoma. Kilingala chake kinafahamika. Njia ya kufika njo haiko.

Albamu ya pili, BUTU, yaani usiku, ilitoka 2024, na imeegemea zaidi upande wa mashine. Mwenye kutaka kusikia mikebe yenyewe aanze na Fongola, na aweke spika yenye besi, kwani kwa simu tupu nusu ya kazi inapotea.