Neno Wazimu na Asili Yake

Wasikilizaji, jina la Kariakoo lahifadhi habari za Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Neno wazimu nalo lina asili yake: ni jamaa ya mzimu, roho ya mfu. Majinuni latoka katika Kiarabu, maana yake aliyeingiwa na jini. Basi jina la ugonjwa lilitaja na sababu iliyodhaniwa.

Mwaka 1904 wamisionari Wajerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili Lutindi, Usambara. Mwaka 1927 ikafuata hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kwa hiyo tumwonapo sokoni mtu aliyepotewa na fahamu, tusimzomee. Tumwite mgonjwa, kwani mgonjwa hutafutiwa dawa, bali mwenye wazimu hukimbiwa.